Darasa la Dakika Kumi na Moja

Kwa miaka ishirini na miwili Ardith Vickroy alipanga mezani vibao vya majina ya watu ambao hawakulijua jina lake.

Alikuwa katibu wa Kamati ya Magereza na Parole katika bunge la jimbo. Cheo kikubwa kukisikia. Kukifanya kulikuwa ni kugawa makabrasha, kuwasha vipaza sauti, kuita watoa maoni, na kukumbuka kwamba Seneta Tolliver Bost, mwenyekiti, hunywa kahawa yenye vijiko vitatu vya maziwa ya unga huku akitangaza kwamba ameacha vyakula vya mafuta. Seneta Bost aliuza matrekta kabla ya kuingia kwenye siasa, na kamati aliiendesha kama alivyoendesha duka: mteja asiulize sana, asije akagundua. Alimwita Ardith "mama", siku akiwa na furaha "mpendwa", na mwaka mmoja, tangu Januari mpaka bunge lilipofungwa, alimwita Judith. Ardith hakumsahihisha. Aliona ni afadhali kuitwa jina la mtu mwingine kuliko lake kuzoewa na mdomo ule.

Wajumbe walikuwa tisa. Walichaguliwa ili waulize, na wote tisa walikuwa wamelelewa kuamini kwamba kuuliza ni kukosa adabu.

Jumamosi mbili kila mwezi Ardith aliendesha gari saa moja na nusu katikati ya mashamba ya mahindi, mpaka Gereza la Pell Fork, akiwa na mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, umejaa sarafu za robo dola. Noti haziruhusiwi kupita getini. Sarafu zile alizitumbukiza kwenye mashine ya ukumbi wa wageni, ikatema baga baridi, akaipasha moto na kumwekea mdogo wake Royce. Royce Stamper alikuwa na miaka hamsini na sita. Miaka kumi na tisa nyuma aliingia duka la dawa na bastola. Alitoka na dola mia moja na arobaini, na mwenye duka akabaki na mguu mbovu mpaka kaburini. Ardith hakuwahi kusema kwamba mdogo wake ameonewa. Alichosema ni kwamba amezeeka.

Kamati ilijua? Haikujua. Hakuficha, hakuulizwa. Alikuwa na jina la marehemu mumewe, na katika miaka ishirini na miwili hakuna mjumbe aliyemuuliza kama ana ndugu.

Mwaka ule Royce alikuwa apelekwe mbele ya bodi ya parole, wale watu watano wanaoamua nani atoke kabla kifungo hakijaisha. Tarehe ilikuwa Agosti. Kilichokosekana ni cheti. Kwa kosa kama lake bodi haisikilizi lolote mpaka mfungwa awe amemaliza darasa liitwalo Fikra Mpya, wiki kumi na mbili. Asiyemaliza huambiwa arudi baada ya miaka miwili. Royce aliandika jina lake kwenye orodha ya darasa hilo miaka miwili iliyopita, na jina lilikaa pale pale kama buibui ukutani, kwa sababu mwalimu alikuwa ameacha kazi akaenda kuuza nyumba. Nafasi yake haikujazwa. Bunge liliendelea kuilipia kila mwaka, kwa moyo mkunjufu.

Kwenye taarifa ya mwaka ya Idara ya Magereza palikuwa na safu moja iliyoandikwa "Walioandikishwa". Mfungwa akiandika jina lake ili asubiri darasa, basi ameandikishwa. Mwaka wa kwanza bila mwalimu waliandikishwa mia moja na themanini. Wa pili, mia mbili sitini na watano. Sasa walikuwa mia nne kumi na wawili. Foleni ilivyorefuka ndivyo mafanikio yalivyopanda, na Ardith ndiye aliyetoa nakala za jedwali lile na kuzibana pini.

"Mia nne kumi na wawili!" alisema Seneta Bost mwezi Februari, akiinua karatasi kama mtu aliyevua samaki mkubwa. "Bwana Lundeen, hebu tuambie, mnawalisha nini watu hawa mpaka wanaipenda shule hivi?"

Lundeen, mkurugenzi wa magereza, alicheka kwa kiasi, kama mtu aliyezoea kusifiwa. "Ni uongozi tu, Mheshimiwa Mwenyekiti."

Wajumbe walipiga makofi. Mmoja alipiga makofi akiwa anasinzia.

Mwezi Machi, kama ilivyo desturi kabla ya kupitisha bajeti, kamati hutembelea gereza moja. Safari hii likachaguliwa Pell Fork. Waheshimiwa walipanda basi lenye viti vya kulala, na Ardith akapanda nyuma na daftari la ziara na orodha ya vyakula vinavyowadhuru. Gereza lilinuka rangi mbichi. Ukutani palikuwa pamechorwa tai, bado hajakauka. Jikoni waliokuwa wakila maharage na mkate siku zote walikuwa wamechomewa nyama ya ng'ombe, na Seneta Prudence Haas alionja kipande, akasema hata nyumbani kwake hawali hivi, maneno yaliyokuwa uongo ulio wazi kwa yeyote aliyeuona mkufu wake.

Halafu wakapelekwa darasani.

Wanaume kumi na wanane walikaa kwenye madawati, kila mmoja na kitabu ambacho karatasi yake ya nailoni ilichanwa asubuhi ile. Ubaoni paliandikwa neno moja: MAAMUZI. Aliyesimama mbele na tai shingoni alikuwa askari wa chumba cha kufulia. Na kwenye safu ya pili, nywele zimechanwa kwa maji, alikaa Royce.

Wakatazamana. Ardith akakumbatia daftari. Royce akaangalia kitabu chake, ambacho alikuwa amekishika vizuri kabisa, kama mtu anayepigwa picha.

Seneta Haas alimsogelea. "Na wewe, kijana. Darasa hili lina maana kwako?"

"Nalisubiri kila siku ya Mungu, mama," alisema Royce.

"Mmesikia?" Seneta Haas aliwageukia wenzake, macho yamelowa. "Kila siku!"

Ardith alifanya kazi yake. Akaandika: wameingia darasani saa nne na dakika arobaini na mbili, wametoka saa nne na dakika hamsini na tatu. Seneta Bost alitia saini bila kusoma. Basi lilikuwa halijawasha injini wakati vitabu vilipokuwa vikirudishwa sandukuni.

Jumamosi iliyofuata Royce alikula baga yake akicheka peke yake.

"Walikuchaguaje?" aliuliza Ardith.

"Walitaka kumi na wanane wenye meno ya mbele. Jengo zima tulipatikana kumi na sita. Wale wawili wa pembeni waliambiwa wasitabasamu."

"Royce, mimi sicheki."

"Basi mimi nitacheka kwa niaba yako, dada. Humu ndani hakuna kitu kingine cha bure."

"Agosti si mbali. Darasa likianza Aprili, utamaliza. Lisipoanza, ni miaka miwili mingine."

"Nimeshakaa kumi na tisa. Miwili ni nini?"

"Usinifundishe miwili ni nini. Nina sitini na moja mimi."

Royce akaweka baga chini. "Usije ukafanya kitu, dada. Pensheni yako ni mwakani."

"Nimesema nitafanya kitu?"

"Umekunja pua. Tangu utotoni ukikunja pua, kuna mtu anakula kibao."

Kikao cha mwisho kabla ya kura kilikuwa katikati ya wiki ya kwanza ya Aprili. Wananchi huruhusiwa kusema, ndiyo. Lakini huwekwa mwisho, saa ambayo harufu ya chakula cha mchana imeshaingia ukumbini na waheshimiwa wameanza kutazama mlango. Kila mtoa maoni hujaza kadi, hupewa dakika mbili, na taa ndogo mezani hugeuka kutoka kijani kwenda njano, kisha nyekundu. Ardith ndiye aliyewasha taa ile. Kanuni za kamati alizijua kwa sababu yeye ndiye aliyezichapa. Kanuni ya tano: mkazi yeyote wa jimbo aweza kutoa maoni. Kanuni ya kumi na nne: hati yoyote itakayokabidhiwa na mtoa maoni huingia kwenye kumbukumbu rasmi, na ofisi iliyotajwa hujibu kwa maandishi ndani ya siku kumi za kazi. Kanuni hiyo haikuwahi kutumika miaka yote aliyokuwa pale. Kuitumia kunahitaji mtu aliyeisoma.

Alimwita mchungaji mmoja, akasema, akashuka. Halafu Ardith akasoma kadi ya pili kwa sauti ile ile ya siku zote:

"Ardith Vickroy."

Akasubiri kidogo, kwa mazoea. Kisha akainuka, akaizunguka meza, akainama kuwasha taa, akakaa kwenye kiti cha watoa maoni.

"Karibu sana, mama," alisema Seneta Bost, macho kwenye karatasi. "Umetoka mbali?"

"Pale," alisema Ardith, akionyesha kiti chake.

Seneta Bost alikitazama kile kiti kitupu. Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Katibu yuko wapi?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

Wajumbe wakanyoosha shingo, kama kuku walioona kitu wasichokijua.

"Darasa la Fikra Mpya halina mwalimu kwa miaka miwili na miezi minne," alisema Ardith. "Imeandikwa ukurasa wa mia mbili na kumi na moja wa makabrasha yaliyo mbele yenu: mwalimu, nafasi wazi. Wale mia nne kumi na wawili wako kwenye foleni, hawako darasani. Darasa mlilolitembelea lilidumu dakika kumi na moja, na Mheshimiwa Mwenyekiti ametia saini. Mmoja wa wale kumi na wanane ni mdogo wangu. Mwezi Agosti ataambiwa arudi baada ya miaka miwili kwa kukosa cheti cha darasa mnalolilipia na ambalo halipo. Haombi huruma. Anaomba afundishwe."

"Lakini mimi niliongea na yule kijana!" Seneta Haas alishtuka. "Aliniambia analipenda!"

"Alikuambia analisubiri, Mheshimiwa."

"Mama," alisema Seneta Bost, na sasa sauti ilikuwa ile ya kuuzia trekta bovu, "haya ni mambo ya utumishi. Kamati hii huangalia mambo mapana."

"Nakabidhi daftari la ziara na ukurasa huo. Kanuni ya kumi na nne."

Seneta Bost aligeuka kumuuliza katibu wake kanuni ya kumi na nne inasema nini. Kiti kilikuwa bado kitupu. Taa ikawa nyekundu, Ardith akaizima, akarudi mahali pake na kumwita mtoa maoni aliyefuata.

Bajeti ilipita kwa kura tisa dhidi ya sifuri, pamoja na mshahara wa mwalimu asiyekuwepo. Wiki iliyofuata Ardith alihamishiwa Kamati ya Barabara na Madaraja. Hawakumfukuza, kumfukuza kungehitaji kueleza sababu, na sababu ilikuwa imeshaingia kwenye kumbukumbu rasmi.

Siku ya kumi, jioni, jibu la Idara lilifika. Lilikuwa la kurasa tatu, na kurasa mbili zilikuwa shukrani. Ya tatu ilisema kwamba Idara, baada ya tafakuri ya kina, imebadili Fikra Mpya kuwa mafunzo ya kujisomea. Kila aliyeandikishwa angepewa nakala ya kijitabu. Na kwa kuwa wengi walikuwa wamesubiri zaidi ya wiki kumi na mbili, muda huo ungehesabiwa kuwa wa masomo. Vyeti vilishachapishwa, mia nne kumi na viwili. Vitano vilikuwa vya watu waliokwisha kufa.

Kuajiri mwalimu mmoja kulikuwa kumewashinda kwa miaka miwili. Kuwaelimisha watu mia nne kuliwachukua siku kumi.

Kamati ilipokea jibu lile kwa furaha. Seneta Haas alisema hivi ndivyo usimamizi wa bunge unavyofanya kazi, na kwa mara ya kwanza alisema kweli.

Ardith alikisoma cheti cha Royce kwenye meza ya ukumbi wa wageni. Alijua ni uongo, na akauombea uongo ule uwe na nguvu. Hilo lilimwaibisha kuliko mambo yote ya mwaka ule.

Bodi ya parole ilimsikiliza Royce kwa dakika sita. Waliuliza kama ana cheti, akakitoa. Waliuliza ataishi wapi, akasema kwa dada. Hakuna aliyeuliza habari za mwenye duka la dawa.

Asubuhi ya kutoka, msaidizi wa Lundeen alikuwa anamsubiri getini na fomu na kalamu.

"Bwana Stamper, hongera! Kamati ingependa uje Januari uwaambie jinsi darasa lilivyokubadilisha."

"Nitapewa muda gani?"

"Dakika mbili. Ni nyingi, ukijipanga."

"Asante, bwana," alisema Royce. "Mpe mmoja wa wale marehemu watano wenye vyeti. Wao hawana haraka."

Akaingia kwenye gari la dada yake. Kwa maili kadhaa Royce alitazama mahindi, marefu sasa, ya kijani kibichi, kichwa amekiegemeza dirishani. Ardith alidhani amelala.

"Nilikuwa nimeyaandika, dada," alisema ghafla. "Ya kusema darasani. Miaka miwili nayapanga. Kuhusu yule mzee, na mguu wake, na vile alivyonitazama pale chini. Nilidhani kutakuwa na mtu mbele, atauliza, na mimi nitasimama niseme."

"Yako wapi?"

"Yamo kichwani. Karatasi walizichukua."

Ardith akapunguza mwendo, akaegesha gari pembeni ya shamba la mtu, akazima injini.

"Basi sema," alisema.