Tulia Iliyosomwa Julia

Mume wangu alipofariki nilibaki Garsen, ingawa kwetu ni upande wa Kilifi na ndugu zangu walitarajia nirudi. Alikuwa mwalimu wa shule huko Golbanti, si mbali na hapa, na hatukujaliwa mtoto. Alipokuwa hai watu waliniita mke wa mwalimu. Alipoondoka hawakujua waniite nani. Huku mwanamke mtu mzima huitwa kwa jina la mtoto wake. Asiye na mtoto huitwa "wewe mama" tu, na mara nyingi mtu hanyanyui hata macho.

Nilianza kutengeneza sabuni ya mwarobaini kwa sababu mti ulikuwepo uani na mikono yangu haikuwa na kazi. Nilikausha majani, nikayatwanga, nikayachanganya na mafuta ya nazi niliyoagiza Malindi. Vipande vya kwanza niliwagawia majirani. Mmoja wao, ambaye mwanawe alikuwa na upele, alirudi kuomba kingine, halafu akaja na dada yake. Nikaona sabuni ipate jina. Nikaiita Tulia, kwa kuwa ngozi inayowasha hutulia. Neno lenyewe nililipenda pia. Nyumbani nilikuwa nikilitamka kwa sauti nikiwa peke yangu, nione linavyosikika.

Karibu na steji ya magari kuna duka la kupiga chapa na kutoa kopi. Mwenyewe ni binti aliyesomea kazi hiyo Mombasa, mchangamfu, wa maneno ya haraka. Nilimweleza ninachotaka.

"Sasa mama, unataka herufi za aina gani?"

"Zinazosomeka."

Akacheka. "Hiyo ni lazima. Nauliza unataka mtu ajisikie vipi akiiona."

Ilikuwa muda mrefu tangu mtu aniulize swali la namna hiyo. Akaandika Tulia kwenye kompyuta, akawa analibadilisha fonti baada ya fonti. Kwanza zikaja herufi nene zilizosimama wima, zikanikumbusha bango la ofisi ya serikali. Zikafuata za mviringo, za vitabu vya chekechea. Halafu ikaja moja ya mwandiko wa mkono, imelala kidogo upande, mistari minene ikishuka na myembamba ikipanda. L ilipaa juu, na a ya mwisho ilikuwa na mkia mrefu uliopita chini ya jina zima.

"Hii ndiyo iko juu saa hizi," alisema. "Wapishi wa keki, saluni, wote wanaitaka. Ni kama mtu ameandika mwenyewe, lakini kisasa. Na aliyeichora ameruhusu itumike kwa biashara, nimeangalia."

Nikasogeza kiti. Hakuna herufi iliyokuwa imekaa peke yake.

"Nipe hiyo iliyoshikana," nikamwambia.

"Niweke na maandishi ya kawaida chini, tuseme ni sabuni ya nini?"

"La, yataiharibu. Iache hivyo hivyo."

Lebo zilitoka kwenye karatasi ya kaki, ndogo za kuzungushia kipande cha sabuni. Nikazibandika kwenye vipande nikiwa mezani kwangu huku redio ikisema. Nilipomaliza nilivipanga vyote vikinitazama. Nilitamani awepo mtu wa kumwita, nimwambie njoo uone.

Nikavipeleka mji mdogo wa Tarasaa kwa mama mmoja wa Kipokomo mwenye duka la rejareja. Niliporudi baadaye kuangalia, alinipokea akiwa bado nyuma ya kaunta.

"Mama Julia! Sabuni yako imebaki hiki kimoja tu, mbona umepotea?"

Nikageuka kuangalia nyuma yangu. Hapakuwa na mtu.

"Ndiye mimi?"

"Si umeandika hapa? Umempa sabuni jina la binti yako." Akaweka kidole juu ya T ya kile kipande.

Nikaitazama T ile kwa macho ya mtu asiyeijua. Juu ilikuwa na kikunjo badala ya mstari, chini ndoano iliyopinda kushoto. Kwenye kompyuta ilikuwa kubwa na nilikuwa najua inachosema. Hapa ilikuwa ndogo kuliko ukucha, mistari myembamba imemezwa na kaki, na kweli ilikuwa J. Watu wengi wa huku Kiswahili ni lugha yao ya pili. Walisoma walichoona.

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Lakini mteja mmoja, mama aliyekuwa akinunua chumvi, aliniwahi.

"Kumbe ndiye wewe! Julia anasoma wapi?"

Aliuliza kwa furaha, amenigeukia mwili mzima.

"Hakuna Julia," nikasema. "Ni Tulia. Herufi zimewapoteza."

Wakacheka, nami nikacheka. Halafu yule wa chumvi akauliza, "Sasa wewe una watoto wangapi?"

"Sikujaliwa."

Akasema pole, akachukua chumvi yake. Mwenye duka akaanza kupanga mikate iliyokuwa tayari imepangwa.

Hata hivyo jina lilishika. Nikipita na kikapu nilisikia Mama Julia kutoka dirishani, Mama Julia kutoka kwa wauza samaki. Niliitika. Jioni nikiwa nachota maji lilikuwa bado masikioni.

Biashara ndiyo haikukubali. Kuna waliolisikia jina la Tulia kwangu, wakaenda kuiulizia kwenye maduka mengine niliyokuwa nimeipeleka, wakaambiwa haipo, nayo iko mbele yao. Nikarudi kwa binti wa chapa. Hakunilaumu. Alitafuta kwenye fonti ile ile T ya pili iliyokuwa na mstari wa kawaida juu, akanenepesha mistari, akakata ule mkia. Chini akaweka kwa herufi za wima, zisizo na madoido: sabuni ya mwarobaini. Safari hii alichapa moja kwanza kwenye kaki, kwa kipimo chake halisi, akatoka nayo nje kumwonyesha mwenye kibanda cha chai.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Tulia," akajibu yule, akaendelea na chai yake.

Lebo mpya zilifanya kazi. Maduka yaliongezeka, hata Malindi nikaanza kutuma kwa basi. Safari zangu za Tarasaa zikawa fupi. Mwenye duka alipokea sabuni, akasoma jina sawasawa, akaziweka rafuni kati ya viberiti na chumvi. Mama Julia sikuisikia tena; wasichana aliowaajiri waliniita mama wa sabuni. Hakuna aliyekuwa na la kuniuliza, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimeandikwa.

Siku moja nilikaa pale kwenye kaunta zaidi ya ilivyohitajika. Wateja walikuja, wakanunua, mmoja akachukua Tulia na kuitaja kwa jina bila kusita.

"Kuna kingine, mama?" msichana akaniuliza.

"Hapana," nikasema, nikabeba kikapu kitupu, nikaenda barabarani kungoja gari la Garsen.