Laptopu Iliyovundikwa

Hebu mwone Agnetha anavyoingia senta ya Kimuli asubuhi. Ameinama kidogo mbele, kitenge kimefungwa kifuani, mgongoni kuna kitu kimelala kimya. Kama wewe ni mgeni utauliza mtoto ana miezi mingapi. Wenyeji tulishaacha kuuliza hilo. Tunamuuliza tu mjukuu wa usharika ameamkaje, naye anajibu bila kucheka kwamba ameamka salama, ila akianza kazi homa itapanda.

Mjukuu mwenyewe ni laptopu. Ni mali ya usharika, na Agnetha, katibu wa kwaya, ndiye aliyekabidhiwa. Mwinjilisti Deodatus alimpa masharti siku ile ile: isipigwe na vumbi, isiguswe na mkono mwingine, isikanyage mahali pasipo na heshima. Agnetha ni mtu wa kushika neno. Aliishonea mfuko wa blanketi. Juu ya mfuko akaongeza kitenge. Hata akiwa anachapa, pale kwenye chumba chake kinachopakana na mashine ya kukoboa kahawa, aliilaza juu ya blanketi lililokunjwa, kama mgonjwa.

Na bado ilichemka. Dakika kumi na tano, ishirini ikijitahidi, halafu inazimika bila kuaga.

Sasa, siku ninayotaka kukusimulia ilikuwa ya mwisho kutuma maombi ya chuo cha uuguzi. Saa kumi jioni dirisha linafungwa. Nikuze, binti wa Niyonkuru wa Bugomora, alifika mapema na vyeti vyake kwenye mfuko wa nailoni. Mwaka uliopita alichelewa kwa kumuuguza mama yake. Baba yake alikuwa ameshasema kwamba ikishindikana na safari hii, pale nyumbani hawataulizia tena habari za chuo, wataulizia mbegu za maharage.

Mara ya kwanza laptopu ilizimika wakiwa kwenye jina la mama. Mara ya pili, kwenye picha. Na kila ikizimika fomu inaanza upya, jina la kwanza, jina la pili, tarehe ya kuzaliwa. Mchana Agnetha akapata wazo. Akakata jani bichi la mgomba, kwa sababu kila mtu anajua jani la mgomba ni baridi, akaifunga vizuri ipoe. Baada ya nusu saa akaifungua, akaiwasha. Ikazimika kabla hata hawajafika kwenye tarehe ya kuzaliwa. Akaifunga tena kwa jani lile lile, na ilipogonga saa nane mtandao nao ukaondoka.

Hapa kwetu mtandao ukiondoka senta, unajulikana ulikokwenda. Uko kilimani, uani kwa mzee Byabato. Na mzee Byabato ni mtengenezaji wa rubisi, pombe ya ndizi na mtama. Agnetha ameokoka, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akizunguka njia ya bondeni ili kivuli chake tu kisipite kwenye ule ua.

Nikuze akasema taratibu kwamba angeweza kwenda nayo peke yake, dada Agnetha abaki. Agnetha akakumbuka sharti la mkono mwingine. Akamtazama yule binti na mfuko wake wa nailoni. Akaibeba laptopu mgongoni, akapanda.

Walimkuta Byabato amekaa kando ya mtumbwi wake wa kukamulia ndizi, mrija mkononi, anaonja. Wakampa shikamoo.

“Marahaba. Mmekuja kuniombea au kunywa?”

“Mtandao, mzee,” Agnetha akajibu, macho chini.

Akaanza kufungua mzigo. Kitenge kikatoka. Jani la mgomba likatoka. Mfuko wa blanketi ukatoka. Byabato alikuwa ameshaacha kuonja. Akaweka kiganja juu ya laptopu, akakiondoa haraka, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

“Binti, wewe hii hukuibeba. Umeivundika.”

Akamweleza kama anavyoelezwa mtu asiyezaliwa huku. Mbile, ndizi za pombe, tunazitia shimoni, tunazifunika majani ili joto lisipate pa kutokea, siku ya tano zimeiva. “Ya kwako imeiva,” akasema. “Imebaki kukamua tu.”

Kisha akauliza inapumulia wapi. Agnetha, kwa aibu, akamwonyesha matundu ya ubavuni. Yalikuwa yamejaa pumba za kahawa, zimeshindiliwa kama gunia. Byabato akafuta ncha ya mrija kwenye shati, akaielekeza tunduni, akapuliza. Pumba zikaruka. Akahamia tundu la pili, akavuta pumzi, akapuliza tena. Agnetha akaiwasha, feni ikanguruma kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu mwaka juzi. Halafu mzee akakata vipande viwili vya shina la mgomba, akaviweka mbalimbali juu ya kigoda, laptopu ikakaa juu yake na upepo ukipita chini.

Nikuze akaandika. Jina la mama likapita. Picha ikapita. Saa kumi kasoro dakika nane yakatokea maandishi ya kijani kwamba maombi yamepokelewa. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akaomba maji ya kunywa, na Byabato akamwomba radhi kwamba nyumbani kwake maji ndiyo kitu cha nadra.

Tangu siku hiyo laptopu haijazimika. Kuna jambo moja tu. Mrija wa rubisi hata ukiufuta haukauki ndani, na kilichokuwemo kilikwenda na pumzi ya mzee. Laptopu ikipata joto kidogo, inanukia.

Jumapili Mwinjilisti Deodatus aliiinamia aone orodha ya nyimbo. Akavuta hewa. Kwaya nzima ikamgeukia Agnetha. Agnetha alikuwa ameshajipanga kusema kweli yote, ua, mtumbwi, mrija.

Mwinjilisti akafumba macho kidogo.

“Ya kwa Byabato,” akasema kwa sauti ya chini. “Siku ya tatu. Safari hii amepunguza mtama.”

Halafu akafumbua macho, akanyoosha kola, akaomba tusimame kwa sala.

Mpaka leo Agnetha yuko tayari kueleza, ila hakuna anayemuuliza. Nami si mtu wa kusema watu. Nakuuliza wewe tu, unayenisikiliza: ile habari ya mtama, mwinjilisti aliijuaje?