Mikono ya Bi Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya Kimuli, mwaka 1978, sikugusa mgonjwa. Muuguzi Mkuu, mama mfupi aliyevaa viatu vyeupe hata wakati wa tope, alinikabidhi rundo la shashi za kufungia vidonda akaniambia, "Binti, kata, kunja, panga. Ukimaliza, chemsha." Kuchemsha kwetu kulikuwa kuvipika vifaa kwa mvuke ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko wa kukaza, juu ya moto wa kuni, hadi vijidudu vife. Jioni nilirudi nyumbani Kanoni macho mekundu kwa moshi, mama akadhani nimelia.

Hapo Kimuli nilikaa miaka minne, nikizalisha akina mama na kuchoma sindano. Kisha nikahamishiwa hospitali, wodi ya upasuaji, na huko ndiko nilikochokea. Miaka ya themanini ilipokuwa ikiisha, UKIMWI ulikuwa umeingia kila kijiji, nasi hatukuwa na dawa ya kuuzuia. Tuliwageuza wagonjwa wasipate vidonda vya mgongo, tukawaosha, tukawafunika. Watu walijifunza kupima ugonjwa kwa macho. Aliyekonda, walikwishamzika.

Wakati huo ndipo alipoletwa Bi Zuhura, mwenye duka la vitenge Nkwenda. Zamani alikuwa mnene. Kisukari kilimkausha kabla hakijagunduliwa. Dawa zilikituliza, lakini ngozi ya mikono ikabaki inaning'inia kutoka kwapani hadi kiwikoni, na kwenye mikunjo yake vidonda havikukauka. Damu yake ilipimwa, akaonekana hana virusi. Daktari bingwa, ambaye alitutembelea mara chache kuwapasua walioungua moto, alimkagua kwa muda mrefu.

"Mama, ngozi hii naweza kuipunguza," alisema. "Lakini kwa sukari yako, kidonda kinaweza kuchelewa kupona. Na makovu yatabaki."

"Kata, daktari."

Mimi ndiye niliyempa daktari vifaa wakati wa upasuaji. Alichora kwa dawa ya zambarau sehemu ya kukata, upande wa ndani wa mkono, akaondoa ngozi iliyozidi, akashona, akaacha mrija mwembamba wa kutolea maji na damu. Tukafunga bandeji ya kubana, mikono yote miwili tukaiinua juu ya mito isivimbe. Bi Zuhura hakuweza kula mwenyewe wala kujifunga kanga, kwa hiyo nilimlisha na kumvika.

Siku ya sita, nikiwa nimetoka kumfunika marehemu wa pili asubuhi ile, aliniita nimrekebishie mto. Nilimjibu bila kumtazama.

"Mama, watu wanakufa humu, na wewe unalilia ngozi ya mikono."

Hakukasirika. "Sista, binti yangu Mwanahawa alikuwa ameposwa. Mama wa kijana alikuja dukani, nikanyoosha mkono nimteremshie kitenge. Akautazama. Wiki iliyofuata wakavunja uchumba. Cheti cha damu ninacho, lakini nani atakisoma? Mkono ndio wanaouona."

Nilirekebisha mto.

Siku ya kumi, kidonda cha mkono wa kulia kilifumuka kwapani. Muuguzi Mkuu wa wodi alikitazama, akaniambia, "Umeanza naye, utamaliza naye." Kila asubuhi nilikisafisha kwa maji ya chumvi, nikakijaza shashi yenye unyevu ili nyama iote taratibu kutoka chini. Nikamfundisha kutambaza vidole ukutani, kila siku juu kidogo, bega lisikakamae. Alilia, lakini hakuacha. Wiki ya saba akaruhusiwa. Siku hiyo nilitaka kumwomba radhi, nikaitwa kitanda kingine, nikaenda.

Miaka ya tisini haijaisha, mgongo ulinistaafisha kabla ya umri wangu. Wauguzi vijana huniuliza nini kiliniumiza zaidi, vifo au mishahara. Huwaambia vifo nilivizoea, na hilo lenyewe linanitisha. Uchovu wangu ulikuwa unasema kwa mdomo wangu, na mgonjwa alisikia sauti yangu tu.

Miezi michache baada ya kustaafu, nilipanda gari la mizigo hadi Nkwenda siku ya gulio. Bi Zuhura alikuwa dukani, gauni la mikono mifupi, makovu mapana yakionekana wazi. Wateja walikuwepo.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Sista! Karibu ndani."

Mwanahawa alikuwa ameolewa, na mtu mwingine. Wa kwanza hakurudi tena. Nilisubiri mteja wa mwisho atoke.

"Mama, kuna neno nilikuambia wodini."

"Nalikumbuka," akasema.

"Nilikuwa nimechoka. Lakini halikuwa neno la kukuambia."

Akavuta kigoda. "Kaa basi, unywe chai."

Nilikaa. Niliinywa ingali ya moto. Miaka yote ya kazi sikuwahi kunywa chai ya moto; kila mara niliitwa, ikapoa.