Bega Langu kwa Kifaransa

Ndugu zangu, mmeniomba nisimulie namna nilivyopona. Nitasema yote, hata yale yanayoniuma mpaka leo.

Mimi ni binti wa Lubondja, kijiji cha milimani. Miaka ile ya Wabelgiji nililima mihogo yetu, na pamba ya lazima ambayo haikuwa yetu. Nilikuwa na nguvu. Nilipanda mlima na mzigo kichwani, mtoto mgongoni, nikiimba.

Ilianza kwa kuhara damu. Ikakoma, nikadhani yameisha. Baada ya majuma machache homa ikanishika, na chini ya mbavu za kuume pakawa kama pana kaa la moto. Moto ule ukapanda mpaka begani. Nikivuta pumzi, kitu kilinidunga kama mwiba. Nilikonda hata bangili ikaanguka yenyewe mkononi.

Mume wangu na ndugu zake wakanibeba kwa machela mpaka hospitali ndogo ya pale Baraka. Daktari alikuwa Mzungu mgeni, hakujua Kiswahili. Alipita vitandani na muuguzi wa kwetu, ambaye ndiye aliyetafsiri.

"Iko nauma wapi, mama?" muuguzi akaniuliza.

"Iko nachoma huku chini ya mbavu, iko napanda ku bega. Nikipumua, inanidunga."

Akamgeukia daktari. "Mal au ventre."

Basi. Hata mimi nisiyesoma nilisikia kwamba maneno ni mafupi mno. Daktari akaandika bila kunigusa, nikapewa dawa ya minyoo.

Ikawa hivyo kila walipopita. Nilisema bega, nilisema mwiba, nililia machozi. Muuguzi alisema mal au ventre, tumbo linauma. Na mimi nikazidi kuoza ndani.

Kitanda cha jirani alilala Mama Feza, mtu wa Mboko, mwenye uvimbe mgumu titini ulioanza kutoa maji. Alikuwa amewapikia Wazungu miaka mingi.

"Madamu wangu alikuwa anaumwa kila siku," aliniambia. "Leo kichwa, kesho mugongo. Maneno yote ya maumivu nilijifunza kwake, nikiwa nakoroga supu yake."

Akanifundisha. "Ça brûle, inachoma. Ça pique, inadunga. L'épaule, bega. Sema tena." Nilirudia huku natetemeka kwa homa. Lile la bega lilinikatalia kinywani. Kila nilipokosea aligusa bega langu, tukaanza upya.

Daktari alipopita tena, sikumngoja muuguzi. "L'épaule! Ça brûle! Ça pique!" Nikashika bega, nikashika mbavu.

Daktari akasimama. Kwa mara ya kwanza mkono wake ukanigusa. Alibonyeza kati ya mbavu, nikapiga yowe, naye akaanza kufoka. Siku ileile alinichoma sindano ndefu ubavuni, ukatoka usaha wa rangi ya udongo, bakuli zima. Kisha nikaanza kuchomwa sindano za dawa kila siku.

"Ni maini," muuguzi akaniambia. Kisha akatafsiri. "Docteur anauliza, juu ya nini haukusema mbele?"

Nikamkazia macho. Akainamisha kichwa.

"Unisamehe, mama. Balinifundisha kufunga bidonda na kuitika oui, docteur, ndiyo daktari. Neno la bega sikulijua. Niliogopa kusema sijui."

Nilitaka kumtukana, ila nguvu sikuwa nazo.

Na msidhani kwamba kujua maneno kunatosha. Mama Feza aliyajua yote. Alimweleza daktari uchungu wake kwa Kifaransa kirefu, tangu titi mpaka kwapani. Daktari akatabasamu, akajibu neno moja, akapita.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema ninajua kusema vizuri."

Alikufa kabla sindano zangu hazijaisha, akimwita mama yake kwa Kibembe.

Wagonjwa, msinyamaze. Ukikosa neno, shika mkono wa daktari uuweke panapouma. Na ninyi wenye watoto wanaosomea uuguzi, waambieni: mtu akisema kumi, wapeleke kumi. Wasipojua, waseme hawajui. Aibu haiui, ila mimi nilibaki kidogo nife kwa sababu mtu aliikwepa aibu.

Namshukuru Mungu aliyeniacha hai. Na kila ninaposimama mbele ya watu namtaja Mama Feza wa Mboko, maana katika kitabu cha hospitali hakuna aliyeandika alichosema.