Sweta Saa Saba Mchana

Kitale ilinifichia ugonjwa. Mji wenyewe ni wa baridi, kila mtu ana sweta, na kazi yangu ni kufuma sweta za shule kwa mashine. Nani angeshangaa mfumaji akivaa mbili? Nilikuwa naamka nimechoka, ngozi imekauka, sauti inakwaruza, na vidole vinakufa ganzi juu ya mashine. Hilo la vidole ndilo lililonitia hofu, kwa sababu sina shamba wala mume, na mikono hii ndiyo inayolisha watoto wangu. Majirani nao walinisifu ati nimenenepa, maisha yamenikubali. Maisha gani, bana?

Aliyenishtukia ni mama. Nilikuwa nimeshuka kwetu Kamukuywa kumsalimia, jua la Bungoma linawaka, yeye anaanika mahindi uani, nami nimejikunyata kitini na sweta zangu mbili. Aliacha mahindi akanitazama kama anayekagua kuku wa kununua.

"Mtoto wangu," akasema, "huko Kitale ni baridi. Hapa je?"

Wiki hiyo nilikwenda hospitali, damu ikapimwa, na daktari akanieleza kwamba kuna tezi ndogo shingoni, thairoidi, inayoamua mwili uende mbio ama utambae. Yangu ilikuwa imelegea. Nimeze kidonge kila asubuhi, tumbo likiwa tupu, pengine mpaka nizikwe.

Wengine wangelia, lakini mimi nilitaka kuiona hiyo tezi. Jumapili nilipochinja kuku nilimpasua shingo polepole, watoto wakinuna kwa njaa, nikapata vidude viwili vyekundu, vidogo kama punje za mahindi. Sijui kama ndivyo. Nilivishika kiganjani nikijiuliza kitu kama hicho kinawezaje kumkalisha chini mtu mzima na mwili wake wote. Halafu nikampa paka.

Vidonge nilivimeza bila kukosa, na vidole vikaendelea kufa ganzi. Niliporudi kupimwa, damu ilikuwa vilevile. Hapo nikaogopa kweli. Nilijiona nimeuza mashine, nimekaa nyumbani nikilishwa na watoto niliopaswa kuwalisha mimi. Daktari hakuandika chochote. Aliniuliza tu kidonge nakimeza na nini. Nikamwambia na chai, tena nikajigamba kwamba sijawahi kutia hata mkate mdomoni kabla yake. Akauliza chai ina maziwa?

"Daktari," nikasema, "kwani kuna chai isiyo na maziwa?"

Alicheka hadi akavua miwani. Si kosa langu! Kwetu chai haihesabiwi kuwa chakula. Mtu anaweza kunywa vikombe vitatu na bado aapie kwamba hajatia kitu tumboni tangu jana. Kumbe maziwa yalikuwa yanakizuia kile kidonge kuingia mwilini. Nikaambiwa nimeze na maji matupu, nikae saa nzima ndipo niguse chai. Saa hiyo ilikuwa ndefu, mwanzoni nilikuwa naizunguka chupa ya chai na kuigusagusa kama ina homa. Lakini vidole vikaanza kurudi, kimoja baada ya kingine, na mashine ikaanza kulia tena kwa mwendo wake wa zamani. Sweta moja nikaivua. Niliposhuka Kamukuywa nikaiacha kwa mama, nikamwambia atamwona wa kumpa.

Mdomo wangu haukai bila swali, na kuuliza si ujinga. Siku moja nilimuuliza daktari ugonjwa huu nimeutoa wapi. Akasema mara nyingi unatembea katika ukoo. Nilirudi kwenye kibanda changu cha kazi, nikawa nafuma na kuwaza jinsi mama alivyoanza kutembea polepole, na sauti yake ile nzito ambayo sisi tuliiita ya heshima.

Jumamosi nilishuka bila kumwambia. Ilikuwa saa saba mchana, mbuzi wamekimbilia kivuli, na mama ameketi mlangoni amevaa sweta yangu, vifungo vyote amefunga mpaka shingoni.

Nilimshika mikono, ilikuwa mikavu na baridi. Akasema ni uzee tu, na uzee hauna hospitali. Nilikasirika, tena nilikasirika kwa sababu ya woga. Nikamwambia mimi pia nilisingizia baridi ya Kitale, na ni nani aliyenikatalia? Mama alivuta mikono ya sweta ikafunika vidole, akaniuliza kama nimekula.

Kesho yake asubuhi nilimeza kidonge changu na maji. Mama akaleta chupa na vikombe viwili, akamimina chai, akafunika changu kwa kisahani, maana anajua lazima nisubiri saa nzima. Kisha akasimama akitazama chake.

"Hiyo damu," akasema, "inapimwa kabla ya chai ama baada?"

Nikamwambia damu haijali chai, anywe tu. Hakunywa. Alifunika kikombe chake pia, akakaa kando yangu na sweta yake, tukasubiri saa yangu iishe.