Mazengo wa Kwenye Simu

Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyemshinda Mazengo kwenye bao, Makutupora nzima. Mchana alikata matawi ya mizabibu ya watu. Jioni alikata watu wenyewe. Ukifungwa, alikupangusia kigoda ili umpishe anayefuata upesi.

Ndipo akatokea Daktari Ambokile, kitambi mbele, kompyuta mgongoni. Alikuwa akitengeneza bao la kuchezwa kwenye simu, na akili mnemba yake ilitaka bingwa wa kumwiga.

"Utaingia humu mzima mzima," alimwambia Mazengo. "Hila zako, na jina lako juu."

Wiki nzima Mazengo alitembea kwa mwendo wa jogoo.

Kamera ikafungwa barazani kwake mwezi mzima, mashine ijifunze anavyocheza. Bahati mbaya, mwezi huohuo baba mkwe wake, mzee Bartolomayo wa Mvumi, alikuja kumsalimia binti yake, na bao alilipenda kuliko ugali. Sasa mwanamume gani anayeipenda ndoa yake atamfunga baba mkwe? Mazengo alifungwa asubuhi, akafungwa jioni, kete zake kaziacha wazi kama mlango wa kanisa. Daktari hakuuliza kitu. Mtu ana shahada tatu, aulize nini?

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa suti. Simu akapewa kwanza Optatus, ambaye Mazengo alikuwa amemfunga mpaka akaapa kuacha bao. Akamshinda Mazengo wa kwenye simu kabla soda hazijafunguliwa. Akafuata karani, naye akashinda. Akafuata mama wa chapati, ambaye hajawahi kushika kete, akashinda huku anageuza chapati.

"Kaka!" Optatus alipiga kelele. "Kumbe miaka yote naogopa debe tupu?"

Mazengo akasimama. Sentensi moja tu ingemrudishia jina: *nilikuwa namwachia mkwe.* Lakini mkwe mwenyewe alikaa kiti cha mbele, kavaa koti jipya, anawatangazia wageni: "Huyu nimemfunga mara mia mbili! Muulizeni!"

"Bwana Mazengo," Daktari akasema, jasho likimtoka, "mashine imekuiga sawasawa?"

Mazengo akamtazama Optatus. Akamtazama mzee.

"Imepatia. Ndivyo ninavyocheza."

Daktari akaandika: usahihi, asilimia tisini na nane. Suti zikapiga makofi.

Nje, mzee Bartolomayo akamshika bega. "Usihuzunike, mwanangu. Twende nyumbani nikufundishe."

"Ahsante, baba," Mazengo akajibu. Wakaenda, akafungwa tena mara nne.