Kutafuta Jina la Aliyemchora Mama

Mama yangu hana picha ya utotoni iliyopigwa kwa kamera. Ana moja tu, iliyochorwa kwa rangi juu ya ubao miaka michache kabla ya Uhuru: mtoto wa miaka minne, gauni la buluu, mikono imefichwa mgongoni. Mchoraji hakuandika jina lake. Kila Oktoba jumuiya yetu hapa Majengo hukusanya majina ya kuombewa katika Misa ya Marehemu Wote, na mwaka jana mama aliandika "Mchoraji". Msomaji akaliruka.

"Bila mtu yule nisingejua nilikuwa na uso gani," aliniambia. "Safari hii asirukwe. Nitafutie jina."

Orodha ilikuwa inafungwa Jumapili, na aliponiambia hayo ilikuwa Alhamisi. Mimi ni fundi wa fremu. Ninachojua kuhusu rangi nimekipata kwa vitabu vya kuazima na kwa kukosea. Nilipima ubao, nikaupiga picha kwa simu mbele na nyuma, nikafunga duka.

Ijumaa, saa moja asubuhi, nilipanda bodaboda hadi Mollo. Baridi ilikuwa kali na mashamba yalikuwa yamebaki mabua matupu. Mama alizaliwa huko, na mteja mmoja aliwahi kuniambia ameona picha ya namna hiyo kwa Mzee Benedikto. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, mzee."

"Milele, amina. Marahaba. Umefuata mahindi au maneno?"

"Picha, mzee."

Akacheka, akanikaribisha ndani. Ukutani alikuwepo mvulana mwenye shati la buluu ileile, mikono mgongoni. "Kaka yangu huyo," alisema. "Sisi tulikuwa tunamtania kwamba ameficha mahindi ya kuiba." Jina la aliyemchora hakulijua. Alikumbuka tu baba yake akisema kwamba mtu huyo alihamia Kipili, ziwani.

Saa nne nilikuwa kwenye basi la Namanyere. Njiani tulisimama mara mbili kupisha ng'ombe wa Wasukuma. Namanyere nilibadili gari, na barabara ikaanza kushuka. Kila kona joto liliongezeka, mpaka maji ya Tanganyika yakaonekana chini, mapana kuliko nilivyotarajia.

Kipili nilifika saa tisa alasiri. Niliuliza wavuvi, mwenye duka na katekista: "Mnamfahamu babu mmoja aliyekuwa akichora watoto zamani?" Hakuna aliyemfahamu. Saa kumi na moja nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa juani.

"Mababu wa hapa wanashona nyavu, baba," alisema bila kuinua kichwa. "Anayejua rangi ni bibi. Bibi Skolastika, ndiye alikuwa akiandika majina ya boti zote hizi. Sasa wewe umeng'ang'ania babu, babu, tukusaidieje?"

Nilisogea pembeni nikampigia mama simu.

"Mama, yule mchoraji alikuwa mwanamume?"

"Nani kasema mwanamume?"

"Si wewe ulisema..."

"Nilisema mchoraji. Alikuwa dada mkubwa mkubwa hivi. Babu umemleta wewe."

Ni kweli. Alikuwa amesema *alinichora*, *alinipa karanga nitulie*, na ndevu niliziongeza mimi.

Bibi Skolastika alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba yake, akichambua maharage. Nilimwamkia, nikampa simu yangu. Aliisogeza karibu kabisa na jicho la kulia.

"Huyu alikuwa hatulii," alisema. "Nilimaliza karanga zangu zote." Aliniambia kwamba akiwa msichana alifagia kanisa wakati dari inapakwa rangi, na mabaki ya buluu hakuna aliyeyataka. Akaanza kuchora watoto wa majirani kwenye mbao za masanduku. Baadaye akaolewa huku ziwani. Nilipouliza kuhusu mikono, alicheka. "Ilinishinda. Nikawaambia wote waifiche."

Nikamweleza kilichonileta.

"Kwa hiyo umefuata jina langu likasomwe pamoja na wafu?"

"Ndiyo, bibi. Tulidhani..."

"Basi nisubirini kidogo."

Alicheka peke yake, kisha akaisogeza tena simu jichoni. "Watoto niliowachora sikusikia tena habari zao. Huyu yu hai?"

"Yu hai. Ana wajukuu tisa."

Aliendelea kuitazama simu mpaka kioo kikazimika.

Jumamosi jioni nilifika nyumbani, nikamwekea mama karatasi mezani: Skolastika, wa Kipili, mzima. Nilimwambia kazi imekwisha, na orodha ya marehemu haina haja ya jina hilo.

"Umemwacha huko?" aliuliza.

"Jina si hilo hapo, mama?"

"Jina nililitaka kwa sababu nilidhani mwenyewe hayupo."

Nilisafiri siku mbili nikiamini natafuta jibu, kumbe swali nililobeba halikuwa la mama. Safari hii nilisikiliza kwanza, kisha nikauliza tutaondoka lini.

"Unauliza lini, na mwenzangu amepita themanini?"

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilipofika stendi nilimkuta mama amekwisha kukaa ndani ya basi la Namanyere, kiti cha mbele.